Barafu ya Limau Iliyorudi Jikoni

Wanangu, mmenijia na kikapu cha malimau mnataka niwaonyeshe ile barafu ya hotelini, ile inayomiminiwa maji ya soda ikafura mpaka mdomoni mwa bilauri. Mnasema mnataka kuwakirimu wageni wenu nyumbani. Haya, nitawaonyesha. Lakini kwanza mtanisikiliza, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana huko mbele hakuna kicheko kingi.

Mie Mize, mtu wa hapa hapa Makangale. Kazi yangu ilikuwa jikoni kwenye hoteli ya watalii kule ufukweni, upande wa vitu baridi. Niliingia nikiwa na mtoto mchanga, Raya wangu, baba yake kanipa talaka na kahamia Mombasa, na nikatoka goti lilipokataa kusimama kutwa. Katikati ya hapo ni malimau. Nimekamua malimau mpaka mistari ya vidole ikafutika. Mnacheka? Nilipokwenda kutaka kitambulisho kipya, mashine ilikikataa kidole hiki, ikakikataa na hiki, yule kijana wa pale akanitazama kama mwizi. Akaniuliza, "Mama, vidole vyako umevifanya nini?" Nikamwambia nimewapa wazungu wamekunywa.

Sasa, limau. Msichukue limau kwa kuwa ni kubwa. Kubwa la nini, utakamua ganda? Chukueni lenye ganda jembamba na uzito mkononi. Litieni kwenye maji ya vuguvugu, kisha liviringisheni mezani kwa kiganja mpaka lilegee. Halafu mkwaruze ganda lake kwa kisu kidogo, ile rangi ya njano tu, mkaitie kwenye shira ya sukari ingali moto. Mkifika kwenye weupe, simameni. Ule weupe ni shubiri tupu.

Mie siku zangu za mwanzo sikusimama. Nani aliniambia? Nilikwaruza ganda zima mpaka limau likabaki uchi, nikaona nafanya kazi ya kupendeza. Mgeni akaonja, akakunja uso, bilauri ikarudi. Mpishi wetu mkuu alikuwa Mzee Shaame, mtu mfupi, mkali, kofia yake ya viua haitoki kichwani hata mbele ya moto. Akaichukua ile bilauri akanipa. "Kunywa." Nikanywa kidogo. "Kunywa yote, mwanangu. Mgeni kakuachia." Niliinywa yote mbele yake, machozi yananitoka, na tangu siku hiyo kisu changu kinajua pa kusimama.

Huyo ndiye aliyenifunza. Hakuwa na karatasi wala mizani. Shira ikishapoa, na ipoe kweli, kwa sababu maji ya limau ukiyatia kwenye shira ya moto yanapata ladha ya kitu kilichochemshwa, anachanganya, kisha anachukua yai bichi, analiosha vizuri, analitumbukiza mle ndani. Yai likizama, sukari haitoshi, na barafu yako itakuwa jiwe, utaivunja kwa nyundo. Likielea lote juu, sukari imezidi, na hiyo haitaganda hata uiombee dua. Linatakiwa lielee lionyeshe kipara kidogo tu, kiasi cha sarafu. "Kama kipara changu mimi," alikuwa akisema, na anaifunua kofia kidogo tukione. Ndizo siku pekee nilizomwona bila kofia.

Kugandisha je? Msitie kwenye bakuli la kina. Tieni kwenye trei pana ya bati, iingie kwenye friza, na ikianza kushika pembeni, toeni mkwaruze kwa uma, mrudishe. Ikishika tena, mkwaruze tena. Kazi yake ni hiyo, kukwaruza na kurudisha, mpaka itoke laini inayochoteka kwa kijiko. Na friza iwe safi, nakwambieni. Mara moja niliiweka trei yangu juu ya pweza. Pweza kafungwa vizuri, mie nilidhani hana njia ya kutoka. Lo! Asubuhi barafu inanukia pweza kutoka mlangoni. Nikataka kuimwaga, meneja akasema hakuna muda, wageni wanangoja. Bwana mmoja na bibi yake, wako fungate, wakaila yote, wakamwita Mzee Shaame kumwambia ina ladha ya bahari, wanataka kujua siri yake. Mzee Shaame akanigeukia, uso mkavu. "Waambie ahsante, halafu kamwage iliyobaki kabla hawajataka ya pili."

Siku hizo tulikuwa tunacheka sana kule jikoni. Mtu akinisikia nikisimulia hivi atadhani nilikuwa na maisha ya raha.

Maana hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, na hapo ndipo ulipo uchungu wake. Kati ya jiko letu na kaunta ya vinywaji palikuwa na dirisha. Siye tunaitoa barafu kwa dirisha, wao wa kaunta wanaipokea. Mgeni mwingine anaitaka hivyo hivyo na maji ya soda na jani la mnanaa. Mwingine anaitaka itiwe mvinyo wao. Hilo sasa ni shauri lao, huko upande wa pili. Mzee Shaame alikuwa na sufuria yake, trei yake, miko yake, amevifunga utepe mwekundu, na ole wake mtu wa kaunta avichukue. Bilauri zilizopita dirishani hazirudi kuoshwa kwetu. Wanaosha huko kwao. Meneja alilalamika kwamba tunamzidishia kazi, Mzee Shaame akamwambia, "Bwana, unataka barafu au unataka nirudi shambani?"

Mie sikuwahi kupita lile dirisha. Hata siku waliyokuwa na wageni wengi wakaniita nikasaidie kubeba, nilikataa. Nilikuwa naogopa Mungu, ndiyo, na nilikuwa naogopa midomo ya watu pia, msinidhanie malaika. Lakini midomo haikuangalia dirisha. Hapa mtaani walisema, Mize anapika pombe. Uso kwa uso ni salamu na "habari za kazi, Bi Mize", nikigeuka ni "yule wa baa." Walikuja kuniomba mchango wa madrasa nikautoa, wakaupokea. Walikuja kuomba malimau yaliyobaki nikawapa, wakayapokea. Nilichokipika walikiogopa, nilichokitoa hawakukiogopa.

Nikasema haya, wacha waseme. Mie namlea mtoto. Raya alisoma mpaka akaingia chuo cha ualimu Chake Chake, na huko akaonwa na kijana wa watu, Nassor, nyumba yao ipo Tibirinzi. Watu wa nasaba, wenye duka, wenye jina. Nassor mwenyewe kijana mzuri, hakuzungukazunguka, alimtuma mjomba wake kwa kaka yangu Faki, ndiye anayesimama mahali pa baba yake Raya. Wanaume wakazungumza wakaelewana. Likabaki la wanawake. Mama yake, Bi Sheikha, akasema atakuja na wenzake kutuona, wakae na sisi, wamwone mtoto.

Mnajua kuja kwa wakwe. Hawaji kula. Wanakuja kutazama ukuta, mkeka, choo, vidole vya mtoto anaposhika sinia. Raya akaniambia, "Mama, tuwape juisi ya ukwaju tu, na sambusa. Basi."

Nikamwambia, "Ukwaju? Mimi, Mize, niwape wakwe zangu ukwaju?"

"Wote wanatoa ukwaju, Mama."

"Ndiyo maana nasema."

Hebu fikirini. Watu ambao sijui hata majina ya nchi zao nimewapa kitu kizuri maisha yangu yote. Ikifika siku ya mwanangu, siku yangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, ndiyo nichote ukwaju kwa kata kama sina mikono? Nilikuwa nimeshastaafu wakati huo. Hotelini waliniaga kwa boksi la bilauri, zile ndefu zenye mguu mwembamba, mpya, karatasi haijachanwa. Nikazitoa nikazisuuza nikazipanga. Raya akazitazama.

"Mama, hizi ni za watu wa kaunta."

"Hizi zimetoka dukani, hazijaguswa na mdomo wa mtu. Bilauri haina dini, mwanangu."

Raya akenda akapiga pasi baibui lake.

Nilifanya ile barafu kama sijawahi kuifanya. Malimau niliyachuma mwenyewe. Umeme siku ile ukakatika, nikaikimbiza trei kwa mwenye friza la samaki aliye na jenereta, na safari hii nikamhamisha pweza kwa mkono wangu. Ikatoka nyeupe, laini, inayeyuka ulimini ikakuachia harufu ya ganda. Nilionja nikasema, Mzee Shaame, Mungu akurehemu, ungelikuwa hai ungelinyamaza. Maana yeye kusifu kwake kulikuwa kunyamaza.

Wakaja. Gari ya kukodi, Bi Sheikha mbele, wenzake nyuma, ubani na udi vimewatangulia. Salamu zikachukua muda wake, habari za njia, habari za wazee. Raya akatoka, akawabusu mikono, akakaa chini macho mkekani. Wakampenda, niliona. Bi Sheikha alimshika kidevu akasema, "Mashaallah." Nikasema moyoni, limekwisha.

Nikaleta sinia. Bilauri zimepoa mpaka zimepiga ukungu, barafu ndani, jani la mnanaa. Na hotelini tulifundishwa maji ya soda yasitiwe jikoni, yamiminwe mbele ya mgeni, taratibu, ubavuni mwa bilauri, ili aone povu linavyopanda. Na mie nikafanya hivyo hivyo. Nikamimina. Povu likapanda, jeupe, linachemka, likasimama sawa na ukingo bila kumwagika hata tone. Nikatazama nyuso zao nikangoja.

Bi Sheikha akauliza, "Hiki nini, Bi Mize?"

"Barafu ya limau na maji ya soda. Malimau ya hapa hapa nyuma ya nyumba."

"Mashaallah," akasema. Akaishika bilauri kwenye mguu kwa vidole viwili, akaitazama, akairudisha kwenye sinia. "Ila mie leo nimefunga, dada yangu. Nalipa siku zangu."

Aliyekaa pembeni yake akasema, "Na mie vivyo."

"Hata mie," akasema wa tatu.

Wakafunga wote, nyumba nzima.

Na ulikuwa mwezi wa Shaabani, wanangu. Nyinyi mnajua wanawake Shaabani tunavyokimbizana kulipa siku kabla Ramadhani haijaingia. Niliamini. Nililiamini neno kwa neno. Nikaona haya, nikaona nimefanya kitu kibaya, nimemimina kinywaji baridi mbele ya watu wenye saumu tena mchana wa jua kali. Nikasema, "Lo! Nisameheni, jamani. Wallahi sikujua, nimekuleteeni mtihani." Nikaziondoa bilauri mwenyewe. Nikawaombea Mungu awatakabalie. Nikawaomba wachukue sambusa za kufuturia njiani, wakasema nisijisumbue. Walipokuwa wanaondoka nikaomba radhi tena kwenye mlango, nikaomba na garini, nimeshika kioo cha dirisha. Bi Sheikha akanipigapiga mkono. "Hakuna neno, Bi Mize. Hakuna neno kabisa."

Jikoni barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Raya alisimama pale anazitazama bilauri zimejaa. Nikamwambia, "Watu wa dini hao, mwanangu. Umepata wakwe." Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akaanza kumwaga.

Kesho yake akaja Bi Time, jirani yangu wa nyumba ya tatu, ambaye dada yake kaolewa huko huko Tibirinzi. Kaja kwa furaha, masikini, anataka kunipa hongera. "Mize, wakwe zako watu wa maana! Walipita kwangu kunisalimia. Wamemaliza birika zima la chai, na vitumbua vyangu havikubaki."

Nikamuuliza, "Chai? Walipita saa ngapi?"

"Walipotoka kwako tu."

"Bi Time, wale walikuwa wamefunga."

Akaweka mkono mdomoni. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu, na alitamani kurudi kwake kama hakuja. Lakini mie sikumwachia. Nikamkalisha chini, nikamwambia, sema. Akasema. Bi Sheikha kule kwa Bi Time, kitumbua mkononi, kasema yule mama katuletea mambo ya baa ndani ya bilauri za baa, anatumiminia povu mbele ya macho yetu bila hata kuona haya. Kasema hata kama ni limau, mkono uliolitengeneza umezoea nini? Kasema mtoto ni mzuri lakini kalelewa na nini.

Hata mmoja wao hakutia ulimi. Hilo ndilo nisiloweza kuwasamehe. Mtu akionja akasema kibaya, hiyo kazi yangu, nimeizoea, nitainywa yote mbele yake. Lakini hawakuonja. Na wakamsingizia Mungu. Waliichukua saumu, ibada ambayo hakuna aijuaye ila yeye na mja wake, wakaifanya kisingizio cha kukataa maji ya limau. Na mie, mjinga mimi, ndiye niliyewaomba radhi! Nimeshika gari yao naomba radhi! Nikikumbuka hilo napata joto usoni mpaka leo.

Baadaye akaja kaka Faki. Hakuketi. Alisema mjomba wa Nassor kampigia, kasema wameswali istikhara kumwomba Mungu awachagulie na haikuja vizuri, kwa hivyo wanatuachia, kila mtu na riziki yake. Mara ya pili wakamtia Mungu mbele. Nikamuuliza kaka yangu, "Nassor mwenyewe anasemaje?" Akasema, "Nassor ana mama." Ndiyo ikawa mwisho wake.

Nilikwenda kumwambia Raya. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa nimejitayarisha alie nimshike. Niliyataka machozi yake, kusema kweli, tulie pamoja tuwalaani pamoja. Hakulia. Akaweka kalamu chini akasema, "Mama, ungewapa ukwaju."

Basi. Hakusema wamekukosea, Mama. Hakusema kazi hii ndiyo iliyonisomesha. Ungewapa ukwaju.

Mnaona sasa huko kwenye maharusi ya mjini? Kila mahali ni bilauri ndefu, ni povu, ni jani la mnanaa, wanapiga picha nazo. Ukionja, ni unga wa pakti na rangi ya njano, limau lenyewe halikupita hata jirani. Barafu wanasaga kwa mashine, inalia kama pikipiki. Na hao hao waliokimbia povu langu sasa wanalishika juu juu mbele ya kamera. Hakuna aliyesema tulikosea. Imekuwa halali yenyewe tu, usingizini. Mie silalamiki kwamba watu wamebadilika. Nalalamika kwamba wamebadilika nilipokwisha kulipa mie.

Lakini sijamaliza, ngojeni. Limau halikimbii.

Raya alikaa. Akaajiriwa, akafundisha, wenzake wakaolewa. Nilikuwa nikisikia gari inasimama nje, moyo unaruka. Kisha wakaja watu wa Vitongoji. Huko si watu wa makuu, ni wavuvi na wakulima, na kijana wao, Hamadi, ni mwalimu mwenzake Raya. Mama yake anaitwa Bi Maua. Asubuhi ya siku ya kuja kwao, Raya alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani akanishika mkono. Hakuwa amenishika mkono tangu utotoni.

"Mama, nakuomba kitu. Leo usiingie jikoni."

Nikasema, "Sitaingia."

"Kila kitu nimenunua. Wewe kaa tu, upumzike."

Nikakaa. Nilivaa kanga zangu mpya nikakaa kwenye mkeka ndani ya nyumba yangu kama mgeni. Bi Maua akaja, mama mnene mpole, anacheka kabla ya kusema. Raya akaleta juisi ya boksi kwenye vikombe vya plastiki. Wakanywa wote, Alhamdulillahi, hakuna aliyefunga. Tukazungumza mvua, tukazungumza mihogo. Nilimpenda yule mama. Nilikuwa nasema moyoni, huyu ningempa ile barafu angeila na angeomba ya pili na angejifuta mdomo kwa kanga.

Ndipo Bi Maua akanigeukia. "Nasikia na wewe ulikuwa mtu wa kazini, Bi Mize. Ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Raya akawahi.

"Mama alikuwa akipika uji skuli."

Alilisema kwa wepesi, wala hakunitazama. Lakini niliona kikombe chake kimebonyea kwa alivyokibana, na nikajua kwamba hakulala anayapanga maneno yale, na kwamba akili yake yote na maisha yake yote yamesimama kwenye ulimi wangu yananingoja. Niliweza kusema. Lilikuwa neno moja tu, hotelini. Nilikuwa na haki nalo. Nilimtazama mwanangu, nikaona mikunjo midogo imeshaanza pembeni mwa macho yake.

Nikasema, "Ndiyo. Skuli."

Bi Maua akaweka mkono kifuani. "Mashaallah! Kuwalisha watoto wa watu! Thawabu hiyo, Bi Mize, thawabu tupu."

"Alhamdulillahi," nikasema.

Wakaoana. Wanakaa Vitongoji, nina wajukuu, na Hamadi ni mkwe asiyepatikana, sina la kumshutumu. Nikienda kuwatazama, Bi Maua hunipisha jikoni kwa heshima. "Mpishi kaja! Tupikie ule uji wako wa skuli, watoto wautamani." Na mie sijawahi kupika uji wa watu wengi maishani mwangu. Mara ya kwanza ulitoka madonge matupu. Bi Maua akaula mpaka chini, akawaambia watoto kwamba uji wa skuli ndivyo unavyokuwa, kuleni, nyanya yenu kalea Pemba nzima kwa uji huu. Raya alikuwa amekaa mkabala nami. Aliula naye, hakuinua macho.

Simlaumu. Mnaniona uso huu mnadhani namlaumu, lakini nilimlea mtu ajue kujiokoa, na kajiokoa. Ninachosema ni kwamba kazi niliyoifanya kwa usafi, nikalinda na sufuria na trei na nafsi yangu, nimeikana kwa mdomo wangu mwenyewe, na kila nikienda Vitongoji naikana upya na mwiko mkononi. Na hilo hakuna aliyenilazimisha ila mapenzi.

Haya, leteni malimau. Wewe uliyekaa mlangoni, weka sufuria ya shira. Nitawafunza yote, la yai, la ganda, la kumimina bila kumwagika, sitawaficha hata moja. Kirimuni wageni wenu, isifuni mikono yenu wenyewe, msingoje isifiwe na watu. Ila mkialikwa Vitongoji mkaandaa huko, na mama mmoja mnene mpole akaonja, akacheka, akauliza nani kakufunzeni kitu kizuri kiasi hiki, msinitaje. Semeni mmejifunza kwenye simu.